Basi la Barca, majivu ya Iceland na 'ndege' ya Mourinho

KIJIWENI kwetu kuna jamaa mmoja, shabiki wa Barcelona wa kufa mtu, ambaye miaka yote hii hajawahi kukubali kwamba Inter Milan waliifunga timu yake kihalali. Ukimtajia San Siro, Aprili 20, 2010, anakunja uso, anaweka kikombe cha kahawa chini na kujibu kwa neno moja tu: "Basi."

Wageni wa kijiwe hudhani anamaanisha yaishe. Hapana. Anamaanisha basi lenyewe, la matairi, lile lililowabeba akina Lionel Messi, Xavi na Carles Puyol karibu kilomita 1,000 kutoka Barcelona hadi Milan kwa sababu ndege zilikuwa haziruki. Kwake yeye, nusu fainali ile ya Ligi ya Mabingwa Ulaya haikuamuliwa na Jose Mourinho wala Diego Milito. Iliamuliwa na mlima.

Nimesikia ubishi huo mara nyingi mno. Safari hii nikaona nikae chini, nirudi nyuma siku kwa siku, nione kama jamaa ana hoja au anatafuta pa kufichia machungu yake.

Tuanze na mlima. Unaitwa Eyjafjallajökull, uko kusini mwa Iceland, na usijisumbue kulitamka jina hilo kwa sababu wakati ule hata watangazaji wa Ulaya lilikuwa linawavunja ulimi. Jumatano ya Aprili 14, 2010 volkano ililipuka chini ya tabaka nene la barafu. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Volkano nyingine zinamwaga uji wa moto unaotiririka polepole, watu wanapiga picha na kurudi nyumbani. Hii ya kwao, uji wa moto ulikutana na maji ya barafu iliyoyeyuka, ukapasuka vipande vidogo vidogo mno, ukageuka vumbi laini la mawe na kioo. Vumbi hilo likapanda kilomita kadhaa juu, likakuta upepo unaovuma kuelekea Ulaya, likapanda nao.

Kufika Aprili 15 anga la Uingereza lilikuwa limefungwa. Siku mbili tatu baadaye sehemu kubwa ya Ulaya ya kaskazini na kati ilikuwa haina ndege ya abiria angani. Zaidi ya safari 95,000 zilifutwa na mamilioni ya abiria wakalala viwanja vya ndege. Rais wa Marekani, Barack Obama, alishindwa kwenda kwenye mazishi ya Rais wa Poland, Lech Kaczynski, Aprili 18. Huku kwetu Afrika Mashariki, Wakenya walikuwa wanatupa maua. Waridi lililochumwa lisafirishwe Ulaya likanyaukia kwenye maghala kwa kukosa ndege, na vibarua wa mashamba ya maua wakaambiwa wakae nyumbani kwanza.

Kuna watu walidhani wazungu wanadeka. Vumbi tu, wanafunga bara zima? Lakini waliofunga anga walikuwa na kumbukumbu ya Juni 24, 1982. Usiku huo ndege ya British Airways aina ya Boeing 747, yenye watu 263, ilipita kwenye majivu ya mlima Galunggung, Indonesia. Injini zote nne zikazima. Moja baada ya nyingine, juu ya bahari, gizani. Chembe zile zikiingia ndani ya injini zinayeyuka kwa lile joto, kisha zinagandamana kwenye mapanga yake kama ukoko kwenye sufuria ya wali, na injini inakosa pumzi. Rubani Eric Moody alielea na lidege lake kutoka futi 37,000 hadi kama futi 12,000 ndipo injini zikakubali kuwaka tena. Akatua Jakarta huku kioo cha mbele kimekwaruzwa na vumbi kiasi cha kutoona vizuri njia ya kutua. Watu wote wakapona.

Kwa hiyo hakuna aliyetaka kujaribu bahati na ndege iliyombeba Messi.

Sasa turudi kwenye mpira. Kumbuka Barcelona ile ilikuwa Barcelona gani. Ndiyo mabingwa watetezi, wametoka kubeba makombe sita mwaka 2009. Aprili 6 Messi alikuwa amewafunga Arsenal mabao manne peke yake kwenye robo fainali. Aprili 10 wakaenda nyumbani kwa Real Madrid, wakashinda 2-0. Na fainali ya mwaka huo ilikuwa inachezwa wapi? Santiago Bernabeu, hapohapo Madrid. Shabiki wa Barca alikuwa anaota kombe linanyanyuliwa sebuleni kwa jirani asiyempenda. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoto iliyokuwa imebaki hatua moja.

Jumamosi ya Aprili 17 Barca walicheza dabi na Espanyol, ikaisha 0-0, mechi ngumu ya kugombana. Jumapili, badala ya kupumzika na kufanya mazoezi mepesi, wakapanda mabasi. UEFA ilishasema mechi zake zitachezwa kama zilivyopangwa, asiye na ndege atafute njia. Wakapita kusini mwa Ufaransa, wakalala Cannes, Jumatatu wakamalizia safari hadi Milan. Jumanne usiku wakaingia uwanjani.

Inter je? Inter walicheza Ijumaa, Aprili 16, tena hapohapo San Siro, wakawapiga Juventus 2-0. Yaani walikuwa na siku moja zaidi ya kupumzika, na usiku wote wakalala vitandani kwao. Hapa jamaa yetu ana hoja, tusimnyime. Kati ya mechi na mechi, timu moja ilikuwa na siku nne za kukaa nyumbani, nyingine ilikuwa na siku tatu na mbili kati ya hizo zimeliwa na barabara.

Na kukaa kwenye kiti saa nyingi si jambo dogo kwa mtu anayeishi kwa miguu yake. Nyonga zinakaza, misuli ya nyuma ya paja inakuwa mizito, usingizi unavurugika. Mwili wa mchezaji wa kiwango kile umepangiwa kila kitu: saa ya kula, saa ya kulala, saa ya kukandwa. Ukiuvuruga Jumapili, Jumanne unaweza kukudai.

Ila hapa naomba nicheke kidogo. Kilomita 1,000, kwa mabasi ya kifahari, barabara nzuri, na wamelala hotelini katikati ya safari. Msomaji wa Bukoba anayeishabikia Kagera Sugar anasoma habari hii na kujiuliza tatizo liko wapi. Bukoba hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,400. Timu za ligi yetu zimekula barabara miaka na miaka, wachezaji wamelala wamekunja shingo, wameshuka stendi alfajiri na jioni wanaingia uwanjani. Dar hadi Mwanza tu inaizidi safari ile ya Barca, na hakuna aliyewahi kuandika kitabu kuhusu hilo. Tofauti ni kwamba miili ya vijana wetu imeshazoea shida hiyo, na wapinzani wao nao huwa wameshuka kwenye basi lilelile la shida. Barca walikuwa wamezoea ndege ya saa moja na nusu.

Basi, saa 3:45 usiku kwa saa zetu, mpira ukaanza. Nilikuwa kwenye kibanda umiza kimoja Manzese, tumebanana kwenye mabenchi, jasho linatiririka, nusu ya ukumbi jezi za Barca na nusu nyingine ni watu wasioipenda Barca tu, maana mashabiki wa Inter wa kweli walikuwa wa kuhesabu.

Dakika ya 19 Maxwell, beki aliyetoka Inter mwaka mmoja nyuma, akakimbia upande wa kushoto, akaingia ndani, akampa Pedro. Bao. Kibanda kikalipuka. Angalia jambo hili vizuri: timu iliyoshuka kwenye basi ndiyo iliyotangulia kufunga, ugenini, bao ambalo kwa sheria za wakati ule lilikuwa na uzito wa dhahabu.

Kisha Wesley Sneijder akasawazisha dakika ya 30. Kipindi cha pili kilikuwa hakijapoa dakika tatu, Maicon akafunga la pili. Dakika ya 61 Milito akapiga kichwa, 3-1. Ukitazama marudio, Milito anaonekana ameotea, na wakati huo hakukuwa na VAR ya kumwokoa mtu. Muda mfupi baadaye Pep Guardiola akamtoa Zlatan Ibrahimovic, akamwingiza Eric Abidal. Ibrahimovic huyohuyo ambaye Barca walimnunua kutoka Inter kwa kutoa mamilioni ya euro pamoja na Samuel Eto'o juu yake. Usiku ule Eto'o alikuwa upande wa pili, anakimbia kama amelipwa kwa hatua. Baadaye Dani Alves akaanguka kwenye boksi, Barca wakadai penalti, mwamuzi Olegario Benquerenca kutoka Ureno akamuonyesha Alves kadi ya njano kwa kujiangusha.

Jamaa yetu anasema: umeona? Kipindi cha pili miguu ilikwisha. Na kweli, nikitazama tena mechi ile, mabao yote matatu ya Inter yamekuja kwa kasi ya kushambulia pindi Barca wanapopoteza mpira au wanapochelewa kujipanga. Timu iliyokuwa inasifika kwa kunyang'anya mpira ndani ya sekunde chache haikuwa inaunyang'anya. Hilo ni dalili ya miguu mizito. Lakini pia ni dalili ya timu iliyosomwa. Inter walikuwa wamekutana na Barca mara mbili kwenye makundi msimu uleule, sare 0-0 Milan na kichapo cha 2-0 Camp Nou. Mourinho alikuwa na daftari limejaa. Na Barca walikuwa hawana Andres Iniesta, ambaye aliumia mazoezini siku chache kabla. Ukiniuliza mimi, Iniesta aliyebaki nyumbani aliwaumiza kuliko basi walilopanda.

Guardiola mwenyewe hakulisimamisha basi mbele kama kinga.

Lakini ubishi wa kijiweni haujaishia hapo, kwa sababu wiki ile Barca hawakuwa peke yao. Kulikuwa na nusu fainali nne za Ulaya, mbili za Ligi ya Mabingwa na mbili za Europa League, na timu zote nne za ugenini zilivurugiwa safari na majivu. Lyon walipanda basi kwenda Munich, wakafungwa 1-0 na Bayern kwa bao la Arjen Robben, tena Bayern wakiwa pungufu baada ya Franck Ribery kulimwa nyekundu kipindi cha kwanza. Liverpool walipanda treni hadi London, wakavuka kwa treni hadi Paris, treni tena hadi Bordeaux, ndipo wakapata ndege ya kuwafikisha Madrid. Diego Forlan akawafunga dakika ya 9, wakalala 1-0 mbele ya Atletico. Fulham walikwenda kwa nchi kavu kutoka London hadi Hamburg, wakatoka 0-0.

Hesabu yake inatisha. Timu nne zilizosota njiani, hakuna iliyoshinda. Zote kwa pamoja zilifunga bao moja tu, lile la Pedro.

Nilipomwonyesha jamaa hesabu hiyo, niliona ameanza kutabasamu. Nikamwambia subiri. Timu ya ugenini kwenye nusu fainali huwa inabanwa hata ikija kwa ndege ya kukodi. Liverpool hawakuwa na Fernando Torres, majeruhi. Lyon hawakuwa na ubavu wa Bayern, na waliporudi kwao, hakuna basi wala jivu, wakapigwa 3-0, zote za Ivica Olic. Na Fulham, wale walioonekana wanyonge kuliko wote, walirudi London wakashinda 2-1, wakaenda fainali. Fainali ilikuwa Hamburg, kwenye uwanja uleule waliousafiria kwa barabara. Huko wakafungwa na Atletico kwenye muda wa nyongeza.

Kwa hiyo majivu yaliwachosha wote. Hayakuamua nani apite.

Ushahidi unaommaliza jamaa yetu uko Camp Nou, Jumatano ya Aprili 28. Siku nane zimepita. Ndege zinaruka Ulaya nzima. Barca wamelala nyumbani, uwanja umejaa karibu watu laki moja, wanahitaji kushinda 2-0 tu. Dakika ya 28 Thiago Motta, naye ni zao la Barca, akampiga Sergio Busquets mkono wa usoni, akapewa nyekundu. Busquets akagaagaa chini amejifunika uso, halafu akachungulia kati ya vidole kuona kama refa ametoa kadi. Picha ile bado inatembea mpaka leo. Saa nzima na zaidi, Barca kumi na moja dhidi ya Inter kumi.

Na hawakupita. Mpira ulikuwa wao kuanzia mwanzo hadi mwisho, wakaupeleka kulia, wakaurudisha kushoto, wakaukuta ukuta uleule. Julio Cesar akaokoa shuti la Messi kwa ncha za vidole. Eto'o, straika aliyeifungia Barca kwenye fainali mbili za Ulaya, alikuwa anacheza kama beki wa pembeni, anakaba, anateleza, anarudi tena. Gerard Pique akafunga dakika ya 84. Bojan akatikisa nyavu mwishoni, likakataliwa kwa kuwa mpira ulimgusa Yaya Toure mkononi. Jumla 3-2, Inter wanaenda Madrid. Mourinho akakimbia uwanjani kidole juu, kipa Victor Valdes akamfuata kumzuia, na mitambo ya kumwagilia nyasi ikafunguliwa Inter wakiwa bado wanashangilia.

Dakika za mwisho usiku ule kuna Mkenya aliingia uwanjani, McDonald Mariga, kuchukua nafasi ya Eto'o. Kijana aliyeanzia soka lake Nairobi akacheza dakika zake Camp Nou kwenye nusu fainali kubwa kuliko zote, na Mei 22 alikuwa benchi Inter wakiifunga Bayern 2-0 pale Bernabeu, mabao yote ya Milito. Huku kwetu tulibishana sana kuhusu basi la Barca. Nadhani tungemzungumza Mariga zaidi kuliko tulivyofanya.

Watu wakasema Inter walipaki basi. Mourinho, unamjua mdomo wake, akajibu kwamba hawakupaki basi, walipaki ndege. Sababu ya kwanza walikuwa kumi. Ya pili, Milan walishawapiga Barca 3-1 kwa kucheza mpira, siyo kwa kupaki chombo chochote. Kocha wa Ureno, wiki moja baada ya Ulaya nzima kupaki ndege zake, anajisifu kwa kupaki yake. Hata jamaa yetu hucheka hapo, ingawa kwa shingo upande.

Kuna kitu kimoja lakini ambacho namwachia. Wakati Barca wanakandwa mabao yale matatu San Siro, wakubwa wa usafiri wa anga walikuwa wanakubaliana kiwango cha majivu ambacho ndege inaweza kukipita bila hatari. Kabla ya hapo sheria ilikuwa moja tu: ukiona majivu, usiruke. Uingereza ikafungua anga lake usiku uleule wa Aprili 20, mechi imeisha muda mfupi tu uliopita. Nilipomweleza hilo alinyamaza muda mrefu, akaagiza kahawa nyingine.

Mwaka uliofuata Barca walirudi fainali, safari hii Wembley, London, Mei 28, 2011, dhidi ya Manchester United. Mei 21, wiki moja kabla, volkano nyingine ya Iceland, Grimsvotn, ikalipuka na majivu yakaanza kusogea kuelekea Uingereza. Barca hawakusubiri kuona upepo utavuma wapi. Jumanne, siku nne kabla ya mechi, wakabeba mabegi, wakapanda ndege na kutua London mapema kuliko ratiba yao.

Wakashinda 3-1. Bao la kwanza alifunga Pedro.